AJALI INA KINGA: VYAMA VYA MARUBANI NA USALAMA WA ABIRIA



1. Maneno mawili ya Novemba 2022

Jumamosi tarehe 5 Novemba 2022 marubani wa Shirika la Ndege la Kenya, wakiongozwa na chama chao kijulikanacho kwa kifupi kama KALPA, walianza mgomo. Maelfu ya abiria walikwama, Nairobi na kwingineko. Siku iliyofuata, Jumapili asubuhi, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam kwenda Bukoba ilianguka katika Ziwa Victoria, karibu kabisa na uwanja. Katika watu 43 waliokuwamo, 19 walifariki dunia, na marubani wote wawili walikuwa miongoni mwao. Wavuvi wa Bukoba ndio waliokuwa wa kwanza kuwafikia walionusurika.

Matukio haya mawili hayana uhusiano, wala hatukusudii kuyaunganisha kwa hila. Lakini siku zile yalisemwa maneno mawili ambayo yafaa kukumbukwa, kwa kuwa husemwa kila mara mambo ya namna hiyo yanapotokea. Juu ya waliogoma ilisemwa: "Hao wameshiba, wanataka nini tena?" Juu ya waliokufa ilisemwa: "Ajali haina kinga." Sisi tunaona kwamba maneno yote mawili yanastahili kupimwa kwa mwanga wa Injili na kwa ukweli wa mambo yenyewe. La kwanza linamnyima mfanyakazi haki yake kwa sababu tu mshahara wake unazidi wetu. La pili linamtwika Mwenyezi Mungu mzigo ambao mara nyingi ni wa wanadamu.

Basi swali letu ni hili: je, vyama vya wafanyakazi vinaboresha kweli usalama na hali ya kazi ya marubani, au ni vyombo vya kudaia fedha tu? Jibu letu twalitoa mapema, ili msomaji apate kulipima njiani. Ndiyo, vinaboresha; lakini si kwa kuwapo kwake tu. Chama huleta usalama pale kinapompa rubani mmoja uwezo wa kusema "hapana" bila kuogopa kupoteza mkate wake. Kikiisahau kazi hiyo, kimeuacha wito wake.

2. Rubani akiwa peke yake

Wengi hudhani kwamba rubani hana haja ya chama. Amesoma, amevaa sare yenye mistari ya dhahabu, analala hotelini. Tutazame kwa makini zaidi. Mafunzo ya urubani ni ya gharama kubwa mno, na vijana wengi huanza kazi wakiwa na deni mabegani. Ujuzi wao ni wa aina moja: akifukuzwa na shirika lake, rubani hawezi kwenda kufungua duka la urubani mtaani. Katika nchi yenye mashirika machache, jina likichafuka mahali pamoja limechafuka kote. Aidha, afya yake hupimwa kila mara, na siku daktari atakapokataa kutia sahihi, kazi imekwisha. Mtu wa namna hiyo, akiamriwa aruke usiku wa manane ilhali macho yanafumba, au akiambiwa kwamba kasoro ya ndege itatengenezwa kesho, atajibu nini? Wahenga walisema mnyonge hana haki. Unyonge si umaskini wa mfukoni peke yake. Ni pia kukosa mtu wa kusimama pamoja nawe unaposema kweli.

Historia inathibitisha jambo hili. Mwezi Julai 1919 marubani wa posta ya ndege ya serikali ya Marekani waliamriwa kuruka kutoka New York katika ukungu mzito. Wawili walikataa, wakafukuzwa kwa amri ya ofisi iliyokuwa mbali huko Washington. Wenzao wakagoma. Mgomo ulidumu siku chache tu. Mmoja wa wale wawili akarudishwa kazini, na ikakubaliwa kwamba hali ya hewa iamuliwe na wasimamizi walioko uwanjani. Mgomo huo, ambao ni mmoja wa migomo ya kwanza kabisa ya marubani duniani, haukuhusu mshahara. Ulihusu ukungu.

Mwaka 1931 marubani wa Marekani waliunda chama chao, ALPA, huko Chicago, chini ya uongozi wa rubani David Behncke. Mwanzoni waanzilishi walijitambulisha kwa herufi badala ya majina, kwa kuhofia kufukuzwa. Kaulimbiu yao ilidai kwamba ratiba ifuatwe, lakini ifuatwe pamoja na usalama. Mwaka 1934 bodi ya taifa ya mambo ya kazi iliweka kikomo cha saa 85 za kuruka kwa mwezi, na sheria ya usafiri wa anga ya mwaka 1938 ikauimarisha uamuzi huo. Mwaka 1948 vyama vya nchi mbalimbali vikakutana London na kuunda shirikisho lao la kimataifa, IFALPA. Leo rubani kijana hukiona kikomo cha saa za kazi kuwa jambo la kawaida, kama vile kilianguka kutoka mbinguni. La hasha. Kilidaiwa na watu waliohatarisha kazi zao.

3. Uchovu hauna cheo

Usiku wa tarehe 12 Februari 2009, huko Marekani, ndege ya kampuni ya Colgan Air ilianguka juu ya nyumba karibu na mji wa Buffalo. Watu 50 walikufa: 49 waliokuwa ndegeni, na mmoja aliyekuwa ndani ya nyumba yake. Wachunguzi walisema kwamba sababu kuu ilikuwa jinsi rubani mkuu alivyoitikia vibaya onyo kwamba ndege inapoteza mwendo. Lakini hawakuishia hapo. Ilibainika kwamba rubani msaidizi, ambaye mshahara wake ulikuwa mdogo, alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Seattle, ng'ambo ya pili ya nchi, ili afike kituo chake cha kazi karibu na New York. Ilibainika pia kwamba marubani wote wawili walikuwa wamejipumzisha katika chumba cha wafanyakazi uwanjani, si katika kitanda cha kulalia. Wachunguzi walikiri kwamba yaelekea uchovu uliwapunguzia uwezo wao.

Yaliyofuata ndiyo yenye funzo kwetu. Familia za marehemu hazikukubali kuambiwa kwamba ajali haina kinga. Zilikwenda mbele ya wabunge wa nchi yao tena na tena. Vyama vya marubani vikashirikiana nazo katika suala la mapumziko, vikiwa na kitu ambacho familia hazikuwa nacho: ujuzi wa zamu zinavyopangwa, na wajumbe waliokaa mezani pale kanuni zilipojadiliwa. Mwezi Agosti 2010 sheria ikapitishwa. Kanuni mpya zikatangazwa Desemba 2011 na kuanza kutumika tarehe 4 Januari 2014. Kwa mujibu wa kanuni hizo, rubani wa ndege ya abiria sharti apewe angalau saa 10 za mapumziko kabla ya zamu, na ndani ya saa hizo nafasi ya kulala saa 8 bila kusumbuliwa. Saa za kuruka zikapangwa kwa kuangalia zamu imeanza saa ngapi, kwa kuwa mwili wa binadamu usiku si sawa na mchana. Na rubani akisema kwamba amechoka mno, shirika haliruhusiwi kumrusha. Kabla ya hapo mapumziko yaliweza kupunguzwa hadi saa 8, na humohumo zikahesabiwa safari ya kwenda hotelini, kula na kuoga.

Hata hivyo kanuni hizo ziliwaacha nje marubani wa ndege za mizigo. Kwa nini? Kwa sababu serikali ilipopiga hesabu, iliona kwamba gharama itakayowapata wenye mashirika ya mizigo ingezidi faida. Tuseme kwa lugha nyepesi: ndege ya mizigo ikianguka hufa watu wawili au watatu, si mia mbili, na katika mizani ya fedha, roho mbili zilionekana nyepesi. Tarehe 14 Agosti 2013, kabla ya mapambazuko, ndege ya mizigo ya kampuni ya UPS ilianguka ilipokuwa ikikaribia kutua Birmingham, katika jimbo la Alabama. Marubani wote wawili walikufa. Kinasa sauti cha ndege kilionyesha kwamba walikuwa wamezungumza juu ya tofauti hiyohiyo ya mapumziko kati yao na wenzao wa ndege za abiria. Haki inatudai tuseme yote: wachunguzi walitaja makosa ya marubani wenyewe katika kuitua ndege, na walisema kwamba rubani msaidizi hakuitumia vema nafasi ya kupumzika aliyokuwa nayo. Lakini uchovu waliutaja pia. Chama cha marubani wa kampuni hiyo kilikuwa kimekwenda mahakamani kupinga wanachama wake kuachwa nje ya kanuni. Mwaka 2016 mahakama ya rufani ikakikatalia.

Hapa twauona uwezo wa chama, na mpaka wake pia. Kilisaidia kuleta kanuni kwa wengi, kikashindwa kwa wachache. Lakini bila chama, hao wachache wasingekuwa hata na mtu wa kuuliza kwa niaba yao: je, mwili wa mtu huchoka kidogo zaidi kwa sababu nyuma yake kuna makasha badala ya abiria?

4. Kinywa kisicho na hofu

Jambo la pili ambalo chama kinaweza kulinda, baada ya mapumziko, ni kinywa. Tarehe 1 Desemba 1974 ndege ya shirika la TWA, ikielekea kutua karibu na Washington, iligonga mlima, na watu wote 92 waliokuwamo wakafa. Marubani na waongoza ndege hawakuelewana sawasawa juu ya ruhusa ya kushuka. Cha kusikitisha ni kwamba wiki sita kabla ya hapo marubani wa shirika jingine, United, waliponea chupuchupu mahali palepale kwa kutoelewana kulekule. Waliwaonya wenzao wa shirika lao, lakini onyo halikuvuka ukuta wa shirika hilo. Ufa ulionekana, haukuzibwa.

Kutokana na msiba huo ulianzishwa mwaka 1976 utaratibu unaosimamiwa na NASA, ambao kwao rubani anaweza kutoa taarifa ya kosa au hatari bila jina lake kujulikana, na bila kuadhibiwa kwa kosa lisilo la makusudi. Tangu miaka ya 1990 mashirika mengi ya Marekani yameweka pia mipango ya ndani ya namna hiyo, ambamo taarifa hupimwa na pande tatu: mwajiri, serikali na chama cha wafanyakazi. Huyu wa tatu ana kazi kubwa. Bila yeye rubani atajiuliza: nikiungama hapa, nitapewa ondoleo au barua ya kufukuzwa? Sisi mapadre twajua vizuri kwamba mtu hawezi kusema kweli yote mahali asipokuwa na hakika ya siri na huruma. Mwajiri mwenye akili naye hupata faida, kwa kuwa hujulishwa hatari kabla haijawa msiba.

Tunao mfano mwingine ulio karibu nasi zaidi. Tarehe 29 Oktoba 2018 ndege ya shirika la Lion Air, aina ya Boeing 737 MAX, ilianguka baharini nchini Indonesia, ikaua watu 189. Tarehe 27 Novemba mwaka huohuo viongozi wa chama cha marubani wa American Airlines walikutana na wakubwa wa Boeing. Wakawauliza kwa ukali: kwa nini marubani hawakuambiwa kwamba ndani ya ndege hiyo kuna mfumo unaoweza kuisukuma pua ya ndege chini wenyewe? Wakataka hatua za haraka. Ndege ziliendelea kuruka. Tarehe 10 Machi 2019 ndege nyingine ya aina ileile, ya Shirika la Ndege la Ethiopia, iliruka kutoka Addis Ababa kwenda Nairobi na kuanguka baada ya dakika chache. Watu 157 walikufa, na miongoni mwao Wakenya 32. Shirika la misaada la Wakatoliki wa Marekani, CRS, lilipoteza wafanyakazi wanne waliokuwa njiani kwenda mafunzoni.

Tulitafakari jambo hili. Chama cha wafanyakazi kiliuliza swali lililo sahihi zaidi ya miezi mitatu kabla ya vifo hivyo. Hakikuwa na mamlaka ya kuzisimamisha ndege; wenye mamlaka hayo walikuwa wengine. Chama kisicho na sheria ya kukisikiliza ni sauti ya mtu aliaye nyikani.

5. Hoja za wanaopinga

Haki haimwogopi mpinzani. Zipo hoja nzito dhidi ya maoni yetu, nasi hatuna budi kuzijibu.

Hoja ya kwanza yasema kwamba yapo mashirika salama yasiyo na chama. Ni kweli. Ryanair ya Ireland, iliyoanza kazi miaka ya 1980, ilikataa kuvitambua vyama vya marubani hadi Desemba 2017, ilipotishiwa mgomo siku za kuelekea Noeli. Katika miaka yote hiyo haikupata ajali ya ndege iliyoua abiria. Jibu letu ni kwamba shirika hilo liliruka ndani ya boma la sheria za Ulaya: saa za kazi, ukaguzi, mafunzo. Boma hilo halikujengwa na waajiri peke yao. Vyama vya marubani wa mashirika mengine vilidai na kubishania mengi yaliyomo. Asiyepanda mti anaweza kukaa kivulini mwake, lakini asiseme kwamba kivuli hakina mti. Isitoshe, ndege kutoanguka siyo hali njema ya kazi yote. Wako marubani barani Ulaya waliofanya kazi kwa mikataba ya mawakala, wakilipwa kwa saa za kuruka tu, hata akiugua akakosa malipo. Mtu wa namna hiyo hushawishika kuruka akiwa mgonjwa.

Hoja ya pili yasema kwamba vyama hutumia jina la usalama ili kulinda nafasi za kazi. Hili nalo limetokea. Kwa miaka mingi ALPA ilishikilia kwamba ndege za aina fulani, kama Boeing 737, zihitaji watu watatu katika chumba cha marubani. Mwaka 1981 tume iliyoundwa na Rais wa Marekani iliamua kwamba wawili wanatosha, na miaka iliyofuata haikuonyesha vinginevyo. Kila mara chama kinapotamka neno "usalama", kilete ushahidi. Kikilitumia neno hilo kama chambo, siku ya hatari ya kweli hakuna atakayeliamini.

Hoja ya tatu ndiyo inayotugusa zaidi: uhasama wa kazini huweza kuingia hata katika chumba cha marubani. Tarehe 18 Juni 1972 ndege ya shirika la Uingereza la BEA ilianguka Staines, muda mfupi baada ya kuruka kutoka Heathrow, na watu wote 118 wakafa. Kabla ya safari rubani mkuu alikuwa amegombana vikali na mwenzake juu ya mgomo uliokuwa ukipangwa. Na mwili wake ulipopimwa ulionekana kuwa na ugonjwa wa moyo. Hakuna awezaye kuipima sehemu ya ugomvi ule katika msiba ule. Lakini ni onyo kwa kila chama kinachowagawa wanachama kuwa marafiki na maadui. Siku ya pili yake, tarehe 19 Juni 1972, marubani wa nchi nyingi waligoma kwa saa 24, kwa wito wa IFALPA, kuzidai serikali zipambane na utekaji nyara wa ndege. Kwa hiyo katika siku mbili zinazofuatana tuliona chuki ya kisehemu na ushujaa wa pamoja.

Wengine hutukumbusha kwamba nahodha wengi, chombo huenda mrama. Sawa. Lakini chama hakiingii katika chumba cha marubani kushika usukani. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba aliyeushika amelala usingizi wa kutosha.

6. Mafundisho ya Kanisa

Kanisa halikuanza jana kusema juu ya mambo haya. Papa Leo wa Kumi na Tatu, katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891, alitetea haki ya wafanyakazi kuungana. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Gaudium et Spes ya mwaka 1965, uliihesabu haki hiyo kati ya haki za msingi za binadamu. Papa Yohane Paulo wa Pili, katika Laborem Exercens ya mwaka 1981, alieleza kwamba vyama ni sauti ya kupigania haki ya kijamii, na kwamba mgomo ni njia halali katika mipaka ya haki, ila ni njia ya mwisho isiyopaswa kutumiwa vibaya. Naye alionya vyama visigeuke kuwa ubinafsi wa kundi moja. Na mwaka 2025 Papa mpya alipochagua jina la Leo wa Kumi na Nne, alieleza wazi kwamba alimkumbuka yule Leo wa wafanyakazi.

Maandiko Matakatifu yalitangulia kusema. Torati inamwamuru ajengaye nyumba mpya aweke ukingo darini, ili mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo (Kumb 22:8). Torati haimruhusu mwenye nyumba aseme kwamba ajali haina kinga. Nabii Eliya naye, alipochoka hata akatamani kufa, hakukemewa kwa uvivu. Aliachwa alale, akaamshwa ale, akalala tena, na ndipo akatumwa safari ndefu ya kwenda Horebu (1 Fal 19). Ikiwa Mungu hakumtuma nabii wake safarini kabla hajapumzika, mpanga zamu ni nani hata ajipe ruhusa hiyo?

7. Kwetu sisi

Turudi sasa kwa mgomo wa mwaka 2022. Marubani wa KALPA walidai mwajiri arudishe michango ya mfuko wa akiba ya uzeeni, iliyosimamishwa wakati wa janga la korona, na kwamba mishahara iliyocheleweshwa ilipwe. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ilikuwa imeusimamisha mgomo kabla haujaanza, lakini chama kiliendelea. Tarehe 8 Novemba mahakama iliwaamuru marubani warudi kazini asubuhi iliyofuata, nao wakarudi.

Twasema wazi maoni yetu. Madai yenyewe yalikuwa ya haki. Akiba ya uzee ni sehemu ya ujira uliokwisha kufanyiwa kazi, na ujira uliozuiliwa hulia mbele za Mungu, uwe wa mvunaji au wa rubani. Lakini mgomo uliopita juu ya amri ya mahakama, ukawakwamisha maelfu ya watu wasio na kosa, hatuwezi kuusifu. Haki ya kugoma, ambayo Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaitambua katika ibara ya 41, huishi kwa heshima ya sheria ileile inayoilinda. Wakati huohuo mwajiri anayeacha mazungumzo hadi watu wagome hawezi kunawa mikono.

Wala jambo hili si la marubani tu. Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi haki ya kujiunga na chama na kufanya mkataba wa hali bora za kazi. Hata hivyo tarehe 10 Aprili 2015 madereva wa mabasi waligoma, wakilalamikia masharti mapya ya leseni na pia kutokuwa na mikataba ya ajira. Fikirini: mtu aliyebeba roho za abiria wengi usiku kucha, hana hata karatasi inayosema ni mfanyakazi wa nani. Ataripoti kwa nani kwamba breki zimelegea? Atamwambia nani kwamba macho yanafumba? Wengi wetu hatutapanda ndege mara nyingi maishani, lakini basi tutalipanda wiki ijayo. Funzo ambalo marubani wamelinunua kwa damu ni letu sote.

8. Wito wetu

Kwa waajiri: msikione chama kama adui. Aliye tayari kuwaambia kasoro leo anawaokoa na mazishi kesho. Kwa vyama: tangulizeni mapumziko na ukweli kabla ya marupurupu; msimfiche mwanachama asiyefaa kurusha ndege; wakumbukeni mafundi, wahudumu, wapakia mizigo na wafagiaji, ambao hawana nguvu kama zenu. Kwa serikali: vipeni vyama kiti pale kanuni za usalama zinapoandikwa, na msiipime roho ya mtu kwa hesabu ya gharama. Kwa waamini: tunapowasikia wafanyakazi wanadai, tuulize kwanza wanadai nini, kabla hatujauliza wanalipwa kiasi gani.

Mwaka 1920 Papa Benedikto wa Kumi na Tano alimtangaza Mama Yetu wa Loreto kuwa msimamizi wa warukao angani. Tumwombe awaombee marubani na abiria wao, na waliofariki Bukoba na kwingineko. Kisha, tukiisha kusali, tuweke ukingo darini.

Maswali ya kujadiliana katika Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo

1. Ni ajali gani katika eneo letu tuliyoiita "mapenzi ya Mungu", ilhali ingeweza kuzuiwa? Nani aliiona hatari mapema, na kwa nini hakusema?

2. Mahali petu pa kazi, je, mtu anaweza kusema "nimechoka" au "chombo hiki si salama" bila kuadhibiwa?

3. Je, sisi wenyewe tulio na wafanyakazi, wa nyumbani, wa shambani au wa parokiani, tunawapa mapumziko tunayowadai wengine wawape wa kwao?

4. Ni hatua gani moja ambayo jumuiya yetu inaweza kuichukua ili madereva wanaotubeba wapate mikataba na mapumziko?